Seremala Mwingereza wa Dorchester, Massachusetts, miaka ya 1630: tarehe zake zinagongana, na nasaba za mtandaoni sijaziamini

Mpekuzi_wa_Masjala

Habari zenu wakuu. Nafuatilia maisha ya mlowezi mmoja Mwingereza, seremala, aliyeishi Dorchester katika koloni la Massachusetts Bay. Nilicho nacho mkononi ni hiki.

Tarehe 14 Mei 1634 aliapishwa kuwa "freeman", yaani mwanamume mwenye haki ya kupiga kura katika koloni. Daftari la mji linaonyesha aligawiwa kiwanja cha nyumba na baadaye ekari chache za nyasi za kinamasi. Wosia wake umeandikwa "siku ya 20 ya mwezi wa 11, 1661". Orodha ya mali aliyoiacha imeandikwa "siku ya 5 ya mwezi wa 1, 1661". Hapa ndipo nilipokwama: mali ya mtu itaorodheshwaje miezi kumi kabla hajaandika wosia?

Tena, miti ya ukoo iliyoko mtandaoni inadai alibatizwa mwaka 1604 katika parokia fulani ya Devon, Uingereza, akavuka bahari kwa meli Mary and John mwaka 1630. Wote wamenakiliana, ushahidi hakuna. Jina lake ni la kawaida mno, la kwanza na la ukoo.

Nimekosea wapi kwenye tarehe? Na ule ubatizo wa Devon nitajuaje kama ni wake?

---

Kalamu_ya_Unyoya

Mkuu, tarehe zako zinakubaliana vizuri kabisa, ila umezisoma kwa kalenda ya leo.

Waingereza walitumia kalenda ya Julius hadi 1752, na mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, si Januari. Wapuritani nao walikwepa majina ya miezi yenye asili ya miungu ya kipagani, wakaandika namba. Mwezi wa 1 ni Machi, wa 2 ni Aprili, na kuendelea hadi wa 11 ambao ni Januari na wa 12 ambao ni Februari. Kwa hiyo wosia wako ni wa tarehe 20 Januari, mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 1662 lakini kwao ulikuwa bado 1661. Orodha ya mali ni ya 5 Machi, siku ishirini kabla mwaka wao haujageuka, ndiyo maana nayo imeandikwa 1661. Mtu wako alifariki kati ya 20 Januari na 5 Machi. Orodha za mali kwa kawaida zilifanywa siku au wiki chache tu baada ya kifo, kwa hiyo ukisema Februari hutakuwa mbali.

Unapoandika kumbukumbu zako tumia mkwaju: 20 Januari 1661/2. Usiandike 1662 peke yake, maana atakayesoma hatajua kama umeshabadilisha au bado. Na tofauti ya siku kumi iliyokuwapo kati ya kalenda hiyo na ile ya Gregory, tunayotumia leo, iache kama ilivyo. Ukianza kusogeza siku utapoteza uwezo wa kulinganisha na waraka wenyewe.

Mahali penye hatari kuliko pote ni tarehe 1 hadi 24 Machi. Machi yote huitwa mwezi wa 1, hata zile siku ambazo bado ni za mwaka uliotangulia. Karani mmoja aliandika 1661, mwingine 1662, mwingine 1661/2, kwa siku ileile. Ukikuta mtoto "aliyezaliwa" miezi minne baada ya ndugu yake, angalia kwanza kama mwaka wa mmoja wao hausomwi vibaya kabla ya kumtafutia mama mwingine.

---

Bonde_la_Connecticut

Nyongeza kwenye upande wa koloni. Hiyo tarehe ya kuapishwa ina mengi kuliko inavyoonekana.

Mei 1631 Baraza Kuu la Massachusetts Bay liliamua kwamba asiyekuwa mwanachama wa kanisa hataapishwa kuwa freeman, na sharti hilo lilidumu hadi 1664 lilipolegezwa. Kwa hiyo mtu wako kufikia Mei 1634 alikuwa mtu mzima, na alikuwa ameshapokelewa kanisani. Kupokelewa hakukuwa jambo la siku moja, hivyo ningesema alikuwa ameshafika kufikia 1633, labda mapema zaidi. Hii inakuokolea kazi: orodha mashuhuri za abiria walioandikishwa bandari ya London mwaka 1635 hazimhusu. Ukikuta jina lake humo, huyo ni mtu mwingine.

Sasa hiyo Mary and John. Meli ya mwaka 1630 ilitoka Plymouth ya Devon tarehe 20 Machi 1629/30 ikafika Nantasket, pwani ya Massachusetts, tarehe 30 Mei, ikiwa na watu wa Devon, Dorset na Somerset. Orodha ya abiria wa safari hiyo haipo. Haikusalia. Kila orodha unayoiona imejengwa na watafiti kwa kukisia nani alikuwa Dorchester mapema. Iliyosalia ni ya meli yenye jina hilohilo mwaka 1634, na watu huzichanganya mbili hizi kila siku. Andika "alifika kabla ya Mei 1634" na uishie hapo mpaka upate kitu kingine.

Kuhusu kanisa, kumbuka kwamba Dorchester ilikuwa na makanisa mawili kwa kufuatana. Lile la kwanza, la mchungaji John Warham, sehemu kubwa ya waumini wake walihamia Windsor, Connecticut, miaka ya 1635 na 1636. Kanisa jipya liliundwa chini ya Richard Mather tarehe 23 Agosti 1636, na vitabu vya kanisa vilivyopo Dorchester vinaanzia hapo. Kwa hiyo usitarajie kuona ubatizo wa watoto wake wa kabla ya 1636. Baada ya hapo angalia mke aliingia kanisani lini, maana watoto walibatizwa kwa haki ya mzazi mwanachama. Mama akijiunga leo, kesho watoto wanne wa umri tofauti wanabatizwa siku moja. Tarehe ya ubatizo hapo haikupi mwaka wa kuzaliwa.

Halafu ardhi. Nenda kwenye hati za ardhi za kaunti ya Suffolk, ambazo ziko Boston, kwa sababu Dorchester ilikuwa kaunti ya Suffolk tangu kaunti zilipoundwa 1643 hadi 1793. Mwaka huo iliingia kaunti mpya ya Norfolk. Angalia usije ukapotea: kulikuwa na Norfolk nyingine ya zamani, 1643 hadi 1680, kaskazini kabisa, yenye Salisbury na Haverhill. Faharisi za mtandaoni huzichanganya.

Fungua ukurasa mmoja kwa kila kipande cha ardhi. Andika kilipatikanaje, lini, kimepakana na nani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na kiliondokaje mkononi mwake. Majirani wa mipaka ndio utakaowahitaji utakapovuka kwenda Uingereza. Na ukiona hati ya kuuza yenye alama ya mke, soma kwa makini: mke alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote akifiwa, hivyo wanunuzi wenye tahadhari walimtaka aachilie haki hiyo kwa jina lake. Mara nyingi hapo ndipo pekee jina la mke linapoonekana.

---

Njiwa_Mweupe

Mbona mnamzungusha? Aingie FamilySearch, tovuti ya nasaba, ni bure, aandike jina, achague Devon, aweke 1595 hadi 1612. Parokia zitatoka. Achague yenye mke na watoto wanaolingana.

---

Ngozi_na_Wino

Ndugu, kutafuta hivyo si vibaya kama hatua ya kukusanya majina. Kuchagua ndiko kunakoua. Kwa jina la kawaida utapata ubatizo wa watu sita, na wote "watalingana" kwa kuwa hakuna kinachowapinga. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru daftari za parokia mwaka 1538, lakini parokia nyingi hazina kitu kabla ya 1558 au hata 1600, panya na unyevu vimekula. Anayeonekana kwenye faharisi ni yule ambaye daftari lake lilisalia na likaingizwa kwenye kompyuta. Mtu wako anaweza kuwa kwenye lile ambalo halipo.

Mpekuzi, fanya kinyume: jaribu kumfuta huyo wa 1604. Pitia daftari ya parokia ileile ukurasa kwa ukurasa, usitegemee faharisi, kuanzia 1604 hadi 1645. Unatafuta vitu vitatu.

Kwanza mazishi. Watoto wengi walikufa kabla ya miaka mitano, na karani hakuandika kila mara kwamba ni mtoto. Ukikuta maziko ya jina hilo mwaka 1606, na mwaka 1608 wazazi walewale wakambatiza mwingine kwa jina lilelile, umepata jibu.

Pili, ubatizo wa watoto wake baada ya 1634. Kama mtu wa jina hilo anabatiza watoto Devon mwaka 1637, huyo hakuwa Massachusetts.

Tatu, viapo vya 1641 na 1642. Bunge liliagiza wanaume wote wa miaka 18 na zaidi waape kuilinda dini ya Kiprotestanti, na orodha za Devon zimesalia kwa parokia nyingi. Jina likiwemo kwenye parokia hiyo, na hakuna dalili ya watu wawili wenye jina moja, ondoa mti wako wa ukoo ukutani.

Akipona mitihani hiyo mitatu bado hujathibitisha chochote, umeshindwa tu kumpinga. Uthibitisho utatoka kwa watu wa pembeni yake. Orodhesha mashahidi wa wosia, wasimamizi, walioorodhesha mali, majirani wa mipaka, na waliopokelewa kanisani pamoja naye. Wafuatilie hao Uingereza, hasa wenye majina adimu. Watu hawa walihama kwa makundi: wa Hingham ya Norfolk ya Uingereza walifuatana na mchungaji wao Peter Hobart, wa Rowley ya Yorkshire wakamfuata Ezekiel Rogers. Majirani watatu wa seremala wako wakitokea parokia mbili zinazopakana Dorset, basi jina lake likiwa pale lina uzito kuliko jina lilelile maili 60 mbali huko Devon.

Kuhusu wosia wa Devon, habari si njema: ofisi ya mirathi ya Exeter iliteketea kwa mabomu Mei 1942, na wosia za karne hizo zikaungua nazo. Zilizobaki ni muhtasari ulionakiliwa na watafiti kabla ya vita, na zile zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, ambazo ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, mfululizo wa PROB 11. Zitafute hizo kwa jina la ukoo na kwa majina ya majirani pia. Unachokitaka ni sentensi ya namna hii: mjomba au dada anamwachia pauni tano ndugu "aliyeko New England". Sentensi moja kama hiyo inazidi miti mia ya ukoo.

---

Kalamu_ya_Unyoya

Naongezea njia ya kurudi upande wa pili: daftari za Thomas Lechford, mwanasheria wa Boston, za 1638 hadi 1641, na za mthibitishaji William Aspinwall, za 1644 hadi 1651. Walowezi waliokuwa wanadai urithi nyumbani walikwenda kwao kuandikiwa hati ya uwakili, na hati hiyo mara nyingi ilitaja parokia ya Uingereza na uhusiano wa damu. Zote mbili zimechapwa na zina faharisi.

Na neno moja juu ya nasaba zilizochapwa zamani. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20 kulikuwa na biashara ya kuwauzia Wamarekani matajiri mababu wa Kiingereza. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, aligushi nasaba za familia nyingi, akabuni wosia na maingizo ya parokia ambayo hayapo. Dalili yake ni ukoo unaokwenda karne nyingi nyuma bila pengo hata moja. Mti wa mtandaoni mara nyingi umetoka humo kwa mikono kadhaa.

---

Mchanga_wa_James

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na mlowezi wa Virginia: mengi ya hapo juu hayatawafaa, kule hakukuwa na daftari za miji za namna hiyo. Tangu 1618 aliyegharamia safari ya mtu alistahili ekari 50, na hati za ardhi zinataja majina ya waliosafirishwa. Tahadhari ni mbili. Tarehe ya hati si tarehe ya kufika, haki hizo ziliuzwa na kuwekwa miaka mingi kabla ya kutumika. Na mtu mmoja aliweza kudaiwa mara mbili na watu wawili tofauti. Kaunti nyingi zimepoteza vitabu kwa moto, hivyo hati za ardhi za koloni ndizo nguzo. Kwa mtumishi wa mkataba aliyepitia Bristol, jaribu daftari la bandari hiyo la 1654 hadi 1686, lina majina takriban 10,000.

---

Mpekuzi_wa_Masjala

Asanteni sana wakuu, tarehe zimefunguka. Nimerudi kwenye wosia na yamezuka mengine. Anataja "my now wife" (mke wangu wa sasa), kisha "my cousin" (binamu yangu) anayemwachia msumeno na tezo, na "son-in-law" (mkwe) ambaye jina lake la ukoo ni tofauti ingawa binti zake wote bado hawajaolewa. Mwana mkubwa, ambaye kanisa lilimbatiza 1638, hayumo kabisa. Thamani ya zana imeandikwa "iiij li xiij s" na jumla ya mali ni zaidi ya pauni 200. Hii ilikuwa mali nyingi?

---

Ngozi_na_Wino

"My now wife" haimaanishi alikuwa na mke mwingine kabla. Ni lugha ya kisheria: urithi ni wa mke aliyepo leo, si atakayeolewa baadaye. Huenda alikuwa na wa kwanza, lakini maneno hayo si ushahidi.

"Cousin" katika karne ya 17 mara nyingi ni mtoto wa kaka au dada, na wakati mwingine ndugu yeyote wa mbali. Huyo ni wa thamani kubwa kwako. Jina lake la ukoo likiwa tofauti, tafuta Uingereza ndoa ya mwanamke mwenye jina la seremala wako na mwanamume wa ukoo huo. Jina la kawaida pamoja na ndoa maalumu ni ufunguo mzuri kuliko jina peke yake.

"Son-in-law" aliweza kuwa mtoto wa kambo. Kama mabinti hawajaolewa, basi huyo ni mtoto wa mke kwa mume aliyetangulia, na mke wako wa "now" alikuwa mjane. Tafuta mirathi ya mwanamume wa jina hilo la ukoo aliyekufa Dorchester au miji jirani kati ya 1636 na 1660. "Brother" nayo isome hivyohivyo: kaka, shemeji, au muumini mwenzake. Na "Senior" na "Junior" katika daftari la mji hutofautisha mkubwa na mdogo kwa umri. Si lazima wawe baba na mwana, na mkubwa akifa mdogo hupanda na kuitwa Senior.

---

Bonde_la_Connecticut

"iiij li xiij s" ni pauni 4 na shilingi 13. "Li" ni pauni, na i ya mwisho huandikwa kama j ili mtu asiongeze tarakimu. Shilingi 20 ni pauni moja, peni 12 ni shilingi. Jumlisha orodha yote wewe mwenyewe, waorodheshaji walikosea hesabu mara kwa mara.

Juu ya thamani, usiilinganishe na pauni za Uingereza moja kwa moja. Tangu 1652 Boston ilikuwa inapiga shilingi yake yenye fedha pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na bidhaa nyingi zililipwa kwa nafaka na mifugo kwa bei iliyokuwa juu ya bei ya fedha taslimu. Linganisha na orodha nyingine za Suffolk za mwaka huohuo, za mafundi wenzake. Kisha gawanya: ardhi na nyumba ni kiasi gani, mifugo, zana, madeni anayodai. Mbao zilizokatwa na madeni mengi madogo ya majirani ni alama ya seremala aliyekuwa bado kazini. Zana za pauni 4 na zaidi, kama kuna randa, patasi na keekee za ukubwa mbalimbali, ni za fundi kamili, si mkulima mwenye shoka. Na angalia kama orodha inakwenda chumba kwa chumba, maana hapo utachora nyumba yake.

Mwana mkubwa kutokuwemo kuna sababu tatu za kuangalia kwa mpangilio huu: alikufa, alihama, au alishapewa fungu lake. Ya tatu ndiyo ninayoishuku. Bila wosia, mwana mkubwa Massachusetts alipata fungu maradufu. Watoto wakiwa watano mali iligawanywa mafungu sita naye akachukua mawili. Baba aliyetaka kumwanzishia mwanawe maisha alipooa alimpa ardhi yake mapema kwa hati ya zawadi, na wosia ukamnyamazia.

Tatizo ni kwamba hati hizo hazikupelekwa kusajiliwa mara moja. Zilikaa sandukuni miaka 20 au 40 hadi mjukuu alipotaka kuuza. Kwa hiyo katika faharisi za Suffolk usiishie 1662. Nenda hadi 1720, tafuta kwa jina la ukoo upande wa wauzaji, na usome kila hati inayotaja zile nyasi za kinamasi. Kama hakuna hati ya yeye kuziuza, kuna mtu alizirithi, na siku mtu huyo alipoziuza huenda karani aliandika zilikuwa za nani kabla yake.